Usaili wa Mfungulia Maji

Palikuwa na nchi, na tuseme mapema kabla mtu hajainuka kwenda kushtaki, kwamba si hii. Hiyo ninayoisimulia iliitwa Jamhuri ya Mustarehe, na watu wake waliishi kwa raha kiasi kwamba Serikali ililazimika kuwakumbusha redioni kila baada ya saa moja, wasije wakasahau.

Mlezi Mkuu wa Mustarehe alikwenda ng'ambo kutibiwa jino. Akiwa kwenye kiti cha daktari, mdomo wazi, alisikia watu wawili wakizungumza juu ya umahiri. Hakuweza kuuliza umahiri ni kitu gani, maana mdomo ulikuwa umejaa vyuma, lakini aliporudi alishuka nao kwenye ndege kama mtu anavyoshuka na begi lake. Wiki haikuisha, ukatoka Waraka Namba Saba. Kila mtumishi wa Serikali ataomba upya kazi anayoifanya, na atasailiwa kwa umahiri. Hataulizwa anajua nini wala amesoma wapi. Ataambiwa tu, "Tueleze siku moja ambapo...," naye ataeleza. Asiyefika kwenye usaili amejiuzulu. Atakayeshindwa usaili amejiuzulu pia, ila kwa heshima. Walioachwa nje ya waraka ni wale ambao umahiri wao ni mkubwa mno haupimiki. Orodha yao iliambatanishwa, nayo ilikuwa ndefu kuliko waraka wenyewe.

Mjini Kisimachao waraka ulifika Jumanne, ukabandikwa kwenye mlango wa nyumba ya pampu, juu ya tangazo la zamani lililokataza kubandika matangazo.

Nyumba hiyo ya pampu ndiyo iliyokuwa kazi ya Bi Sikudhani Mlekwa, na vyumba viwili vilivyoshikana nayo kwa nyuma ndivyo vilivyokuwa makazi yake. Kisimachao maji hayatoki tu. Hufunguliwa kwa zamu, mtaa huu leo na mtaa ule kesho, na ndani ya nyumba ile kuna koki nne za chuma, kila moja ina usukani mpana kama wa lori. Miaka thelathini na moja Sikudhani alikuwa akizungusha sukani hizo. Watu wakamwita Mama Koki. Kazi aliijua kwa mikono, hakuijua kwa maneno, na hilo ndilo lililokuja kuwa kosa lake.

Aliusoma waraka mara mbili, akaita, "Wifi! Hebu njoo. Naambiwa niombe kazi."

Mwajabu, mke wa marehemu kaka yake, alikuwa akikaanga vitumbua langoni. Akaja na mwiko mkononi.

"Kazi gani?"

"Hii."

"Hii si unayo?"

"Ndiyo hiyo hiyo naambiwa niiombe."

"Afadhali wewe umetangaziwa. Mwenzio mwaka wa tisa huu naomba niwe mjane, sijaitwa hata kwenye usaili."

Wakacheka wote wawili, kile kicheko cha watu waliokwisha kulia. Maana katika vitabu vya Mustarehe mume wa Mwajabu hakufa. Hilo nitalieleza, lakini haliwezi kueleweka bila koki namba nne.

*

Koki namba nne hupeleka maji hospitali ya mkoa, ofisi za Serikali na mtaa wa Machinjioni. Ilizinduliwa na Mlezi Mkuu mwenyewe, tarehe kumi na mbili mwezi wa nane, Jumatano, saa tano na robo, miaka thelathini na moja iliyopita. Wapo wanaosahau na wapo wasiosahau. Siku hiyo Mlezi Mkuu alipigilia kwa mkono wake mtukufu kibao cha shaba chenye mshale na neno FUNGUA. Akakipigilia kinyume. Mshale ukaelekea upande wa kufungia. Kisha akaushika usukani, akazungusha kufuata mshale, bendi ikapiga, na maji, ambayo hayajui itifaki, yakakatika.

Mzee Mlekwa, baba yake Sikudhani, ndiye aliyekuwa mfungulia maji wakati huo. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya pampu na bintiye, kila mmoja na ndoo yake ya maji, kama ilivyo desturi katika kila uzinduzi wa Mustarehe. Wakayamimina kwenye mpira uliounganishwa na bomba la sherehe. Mlezi Mkuu akanawa, umati ukashangilia, na mwandishi wa gazeti akaandika kwamba maji yalitoka kwa unyenyekevu.

Mtu mwenye akili nyepesi angesema: si mkigeuze kibao? Kibao kilichopigiliwa na Mlezi Mkuu hakigeuzwi. Ikatangazwa kwamba koki iko sawa, maji ndiyo yana ukaidi. Mzee Mlekwa akaandika kwa wino katika daftari la zamu: "Koki namba nne, nenda kinyume cha mshale." Kwa maneno hayo akastaafishwa kwa sababu za afya, ingawa alikuwa mzima kama nguzo ya reli. Kazi na daftari vikabaki kwa binti. Na kila siku saa nne kamili asubuhi Sikudhani alikwenda kinyume cha mshale, maji yakafika hospitali, na Serikali ikajipongeza.

Kila siku isipokuwa moja.

*

Usaili ulipangwa baada ya siku kumi. Walimu wa usaili wakaota mjini kama uyoga. Aliyesifika kuliko wote alikuwa Mwalimu Shomvi Kanyaga wa duka la Umahiri na Fotokopi, mtu ambaye hakuwahi kuajiriwa popote, na kwa hiyo alikuwa na muda wa kutosha wa kuchunguza jinsi watu wanavyoajiriwa.

"Jibu la umahiri ni kitanda," aliwafundisha, akigonga mashine ya fotokopi kwa rula. "Lina miguu minne. Hali, jukumu, hatua, matokeo. Ukikosa mguu mmoja, mpendwa, utalala chini. Haya, dereva, tueleze siku ulipotatua tatizo."

Dereva wa mkoa akasimama. "Siku moja ofisi iliwaka moto, nikaokoa faili."

"Safi. Nesi?"

"Siku moja wodi iliwaka moto, nikaokoa faili."

"Na wagonjwa?" akauliza Sikudhani kutoka nyuma.

Nesi akamgeukia kwa huruma. "Mama, mgonjwa hana alama. Faili lina alama tano."

Zamu ya Sikudhani ikafika. Hakuwa na moto wala faili. Akasema kile alichokuwa nacho.

"Mwaka wa mafuriko, tarehe tatu mwezi wa nne. Mkurugenzi wa Maji, Mhandisi Ngwesa, alikuja na wageni akataka kuwafungulia koki namba nne mwenyewe. Nikamwambia, mheshimiwa, hiyo huenda kinyume cha mshale. Akasema, unanifundisha kusoma? Akazungusha kufuata mshale mpaka usukani ukagoma. Koki imefungwa, pampu inasukuma. Bomba likapasuka Machinjioni, penye mtaro wa damu na kinyesi, na uchafu wote ule ukaingia bombani. Hiyo ndiyo hali."

"Enhe," akasema Mwalimu Kanyaga.

"Jukumu langu lilikuwa kutii."

"Enhe?"

"Hatua, nilizima pampu bila ruhusa. Mkurugenzi alinizuia mlangoni, nikamsukuma, akakaa kwenye tope mbele ya wageni."

Mwalimu akauliza kwa sauti ndogo, "Matokeo?"

"Mitaa mingine haikunywa yale maji. Machinjioni walikuwa wameshakunywa. Walikufa watu kumi na saba. Kaka yangu Makame alikuwa wa saba."

Mwalimu Kanyaga alifunga dirisha. Akafunga na la pili. Akawaomba wanafunzi wengine wakanunue maji ya kunywa.

"Mama," akasema, "miaka sita nachunguza usaili, sijakutana na jibu kama hilo. Hicho ni kitanda na chandarua juu. Nakuomba kwa jina la Mungu usimwambie mtu."

"Kwa nini, na wewe umesema ni zuri?"

"Kwanza, mwenyekiti wa jopo atakuwa huyo huyo uliyemkalisha kwenye tope. Pili, kila mfano lazima uambatane na Cheti cha Tukio, cha kuthibitisha kwamba tukio lilitukia. Una cheti?"

"Nina kaburi."

"Kaburi halina namba ya kumbukumbu, mama."

*

Ofisi ya Matukio Yaliyotukia ilikuwa ghorofa ya tatu, na aliyekuwa kaunta ni karani mpole, wa umri wa mtoto ambaye Sikudhani angeweza kumzaa. Akamwamkia vizuri, akampa fomu, Sikudhani akaijaza yote, akaisukuma chini ya wavu. Karani akaigonga namba, kisha ndipo akaisoma.

"Mwaka wa mafuriko," akasema, akipekua jitabu kubwa. "Haupo."

"Mwaka haupo?"

"Mwaka upo, mama. Mafuriko ndiyo hayapo. Hapa nina Mwaka wa Mvua za Baraka."

"Na kule kuharisha kwa Machinjioni?"

"Zoezi la Hiari la Kusafisha Matumbo. Lilifana sana."

Sikudhani akashika ukingo wa kaunta. "Na watu kumi na saba?"

"Hao wapo."

Sikudhani akausogelea wavu.

"Walihama," akaendelea karani. "Wote wiki moja, bila kuacha anwani. Hiyo inaonyesha jinsi wananchi wetu walivyo huru kusafiri."

"Mwanangu, kaka yangu nilikuwepo akizikwa. Kaburi liko nyuma ya machinjio, twende nikuonyeshe."

"Mama," akasema karani, na kwa kweli alikuwa na huruma, "mtu anaweza kuhamia popote."

Sikudhani akanyoosha mkono. "Basi nirudishie fomu yangu."

"Imeshagongwa namba. Hairudi. Ndani ya siku saba utathibitisha kwamba tukio limetukia, la sivyo utashtakiwa kwa kutunga tukio."

"Nalithibitisha kwa kitu gani?"

"Kwa cheti."

"Cheti napata wapi?"

"Hapa."

"Haya, nipe."

"Siwezi kutoa cheti cha tukio lisilotukia."

"Na nisipokwenda kwenye huo usaili?"

"Umejiuzulu. Nyumba unaiacha saa sita mchana."

"Nikienda bila mfano?"

"Utapata sifuri. Nyumba unaiacha saa kumi jioni."

Aliangalia mlango aliouingilia. Ulikuwa na kibao: HUU SI MLANGO WA KUTOKEA. Mwingine hakuuona.

Karani akainama karibu na wavu. "Njia ipo moja, mama yangu. Fomu haifutwi, ila inarekebishwa. Chukua tukio lililotukia, halafu ujitafutie nafasi humo. Upande wa maji tunalo moja tu tangu uhuru: Uzinduzi wa Koki Namba Nne. Ngoja nione nafasi zilizobaki. Mshika mkasi, imechukuliwa. Mbeba mto wa mkasi, imechukuliwa na watu watatu. Ah! Mpiga kigelegele ipo."

"Siku ile nilikuwa nyuma ya pampu na ndoo."

"Ndoo haikutukia. Andika kigelegele."

Kalamu ilikuwa imefungwa kaunta kwa mnyororo ili isiibwe. Kati ya vyote vilivyokuwamo ofisini mle, Sikudhani aliona hiyo ndiyo ndugu yake. Akaishika, akatia sahihi.

*

Jioni ya mwisho Mwajabu alijifunga kanga shingoni kama tai, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mwiko mkononi, akawa jopo.

"Mwombaji! Keti. Mbona umeketi? Nani kakuruhusu?"

"Wifi, acha mzaha."

"Sina wifi hapa, mimi ni Serikali. Tueleze siku ulipoonyesha ushirikiano."

"Nilipiga kigelegele."

"Cha urefu gani? Kwa idhini ya nani? Ulimi ulikwenda kulia kwanza au kushoto?"

Sikudhani akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Mwajabu, akiona ameshinda, akaendelea bila kufikiri: "Haya, na utueleze siku ulipotofautiana na mkubwa wako wa kazi."

Kicheko kikaisha hapo hapo. Mafuta yakasikika yakichemka jikoni. Mwajabu akafungua ile kanga shingoni, polepole.

"Sema hujawahi, wifi," akasema. "Makame hatarudi kwa mdomo wako. Ukishindwa, tunakwenda wapi? Nyumba yangu walinyang'anya wakisema mke wa aliyehama naye kahama. Mimi kwenye vitabu vyao sipo mji huu. Nimebaki na hiki kitanda chako."

"Na ungekuwa wewe ndiye unayeambiwa useme?"

"Ningesema kigelegele," akajibu Mwajabu, akainuka kwenda kuangalia mafuta, na hakuna kitu cha kuangalia katika mafuta.

*

Asubuhi ya usaili akaletwa kaimu, kwa sababu msailiwa haruhusiwi kugusa kazi anayoiomba. Kaimu alikuwa Kelvini, mpwa wa Mhandisi Ngwesa, kijana wa miaka thelathini mwenye suruali iliyonyooshwa na kitabu cha mwongozo kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sikiliza, mwanangu. Saa nne kamili, namba nne, nenda kinyume cha mshale. Ushike maneno hayo kama jina la mama yako."

Kelvini akatazama kibao cha shaba, akatazama mwongozo, akamtazama na yeye. "Mama, mimi nina stashahada. Mshale ni mshale."

"Nakuomba."

"Utachelewa usaili, mama."

Akaenda. Njia nzima shingo yake ilikuwa ikigeuka nyuma yenyewe.

Chumba cha usaili kilikuwa na meza ndefu na viti vitatu. Kimoja alikalia Mhandisi Ngwesa, ambaye katika miaka tisa alikuwa ameongeza daktari kwenye jina na kidevu chini ya kidevu. Cha pili alikalia Bi Anastela wa Utumishi, mwenye saa ya kupimia wanariadha na karatasi za alama. Katika kiti cha tatu ilikalishwa picha ya Mlezi Mkuu, nayo ilikuwa na karatasi yake ya alama na glasi yake ya maji.

"Karibu, Bi Sikudhani," akasema Ngwesa. "Mimi na wewe hatujawahi kukutana."

Aliisema huku akimtazama machoni. Sikudhani akaelewa kwamba hiyo nayo ilikuwa moja ya maswali.

"Hatujawahi, mheshimiwa."

"Vizuri sana. Umahiri, ndugu mwombaji, ni roho ya taifa. Taifa lisilo na umahiri ni mwili, na mwili usio na roho, kama mjuavyo, haupandishwi cheo. Bi Anastela, uliza."

Bi Anastela akabonyeza saa. "Tueleze siku uliyotoa mchango katika mafanikio ya taasisi."

Sikudhani akatoa cheti. Akaeleza uzinduzi, hali yake na jukumu lake, kisha akaeleza kigelegele. Ngwesa akaomba mfano wa vitendo. Mwanamke wa miaka hamsini na moja, mbele ya watu wawili na picha, akapiga kigelegele. Kilitoka chembamba, kama kuku aliyeshikwa shingo. Ngwesa akainama kwenye karatasi ya picha, akaijazia.

"Mlezi Mkuu kakupa alama nne kwa tano," akasema. "Kaguswa."

"Swali la mwisho," akasema Bi Anastela, akisoma kadi, na ilionekana wazi kwamba hajui anachokisoma. "Tueleze siku ulipotofautiana na kiongozi wako, na jinsi ulivyolimaliza jambo hilo."

Ngwesa akaanza kuhesabu mbao za dari.

Sikudhani alifikiria vyumba viwili vya nyuma ya pampu. Alimfikiria mtu mmoja ambaye kwenye vitabu hayupo, na kitanda kimoja. Akafungua mdomo.

"Sijawahi," akasema.

"Sijawahi haina miguu," akasema Bi Anastela kwa masikitiko. "Hilo ni sifuri. Chini ya alama ya kufaulu."

"Na nikisema nimewahi?"

"Kutotii," akasema Ngwesa, macho yakiwa bado darini. "Kifungu cha kumi na nne."

Akatabasamu. Alikuwa amelingojea tabasamu hilo miaka tisa, na hakutaka kuliharakisha. Lilikuwa bado halijafika masikioni pale simu yake ilipolia mezani. Ilikuwa saa nne na dakika tano.

"Anko," ikasikika sauti ya Kelvini, na hakukuwa na haja ya kuweka sikio karibu, "nimefungua, maji hayaji! Hospitali wanapiga simu."

"Fungua zaidi."

"Nimefungua mpaka mwisho. Usukani umegoma. Anko, pampu inalia kama ng'ombe!"

Sikudhani alikuwa ameshasimama. Ile sauti aliisikia ndani ya mifupa. Alijua bomba la Machinjioni liliungwa kiraka mwaka ule na halikubadilishwa tena, kwa kuwa bomba lisilopasuka vitabuni halibadilishwi. Alijua dakika zilizobaki ni kumi, pengine nane.

"Mheshimiwa, mwambie aende kinyume cha mshale."

Ngwesa akaifunika simu kwa kiganja. Kipaji chake cha uso kilikuwa kimeota jasho. "Unataka kusema kibao cha Mlezi Mkuu kimekosea?"

"Nataka kusema bomba litapasuka. Watu wako kwenye foleni ya maji sasa hivi na ndoo zao. Unajua. Ulikuwepo."

"Mimi na wewe hatujawahi kukutana!" akafoka. "Na chunga, mama, kila neno linaandikwa. Utakuwa umekiri."

"Basi liandikwe," akasema Sikudhani. Akampokonya simu mkononi kama anavyopokonywa kisu mtoto. "Kelvini, mwanangu, mimi mama yako wa asubuhi. Kinyume cha mshale. Zungusha kwa nguvu zako zote mpaka pampu inyamaze. Usimsikilize mtu mwingine. Nipo, nakusikia. Zungusha."

Kikasikika kishindo cha mtu anayehangaika, chuma kikakoroma, Kelvini akaita jina la mama yake mzazi. Kisha pampu ikatulia. Na katika choo cha mle ofisini, ambapo mtu alikuwa ameacha bomba wazi, maji yakakohoa mara mbili, yakaanza kutiririka.

Bi Anastela akabonyeza saa, kwa mazoea. "Dakika mbili na sekunde arobaini," akasema. Akahesabu kwa vidole chini ya meza, hali, jukumu, hatua, matokeo, akanong'ona kama mtu aliyeona malaika: "Miguu yote minne."

Ngwesa akafuta jasho, akaichukua simu mkononi mwa Sikudhani, akaitia mfukoni.

"Halina cheti," akasema.

*

Barua ilitoka siku hiyo hiyo, maana Serikali ya Mustarehe ikitaka huwa na mbio. "Mwombaji," ilisema, "alipoulizwa namna ya kufungua, alishauri kufunga. Hana umahiri." Nyumba waliiacha saa kumi jioni. Mwajabu alibeba karai la vitumbua, Sikudhani alibeba godoro na daftari la zamu, na hakuna aliyemlaumu mwenzake njiani. Wakapata chumba Machinjioni, hatua arobaini kutoka bomba lenye kiraka.

Wiki ile ile Ofisi ya Matukio Yaliyotukia ikaongeza tukio la pili la maji katika jitabu lake: Siku Daktari Mhandisi Ngwesa Alipoituliza Pampu kwa Simu. Kelvini alikwenda kwenye usaili na cheti hicho, akaeleza kitanda kizima, akapewa kazi. Kibao kilisafishwa kwa ndimu, kikang'aa, na mshale ukabaki pale pale.

Siku ya kwanza ya kazi yake, saa nne kasoro robo, Kelvini akatokea Machinjioni, suruali imenyooshwa, jasho linamtoka. Mwajabu alimwona kwanza.

"Wifi, Serikali imekuja kununua kitumbua."

"Shikamoo, mama," akasema Kelvini. "Mama, namba nne leo nizungushie wapi?"

Sikudhani akamtazama kwa mshangao. "Si nilikwambia? Kinyume cha mshale. Leo, kesho, na mtondo."

"Najua, mama. Ila siwezi kwenda kinyume cha mshale kwa kichwa changu. Nahitaji kila siku mtu aniambie, ili wakinikamata niwe na wa kumsingizia. Nimefikiri, wewe huna kazi tena. Hawawezi kukufukuza."

Mwajabu akainua mwiko wenye mafuta, na kwa kitambo ilionekana kama Kelvini atapata umahiri wa aina nyingine. Lakini Sikudhani alikuwa akiifikiria hospitali, na wanawake waliokwisha kupanga ndoo kwenye bomba. Angeweza kunyamaza, mji mzima ungemjua siku hiyo. Kunyamaza hakukuwamo katika mikono yake. Walimtoa nyumba ya pampu, wasiweze kuitoa nyumba ya pampu ndani yake, na walilijua hilo.

"Kinyume cha mshale," akasema. "Nenda, unachelewesha hospitali. Ukimaliza urudi na kalamu, na muhuri wa kituo."

"Wa nini?"

"Singizio bila maandishi ni la nini, mwanangu? Ukikamatwa utaonyesha nini? Daftari la zamu ninalo."

Kelvini alikuwa na stashahada. Hoja hiyo aliielewa upesi. Akarudi saa nne na robo. Akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akaandika alichoambiwa: tarehe, saa, koki namba nne, mimi Kelvini nimeelekezwa na Sikudhani Mlekwa niende kinyume cha mshale.

"Sasa andika na sababu," akasema Sikudhani. "Mkubwa wako atauliza kwa nini ulimsadiki."

"Sababu gani?"

"Andika: Kwa kuwa tarehe tatu mwezi wa nne ilizungushwa kufuata mshale, na katika waliokufa yumo." Akataja jina la kwanza, la mzee aliyekuwa akichuna ngozi machinjioni. Kelvini akasita. Akatazama saa, akatazama jina lake mwenyewe juu ya ukurasa pasipokuwa na sababu ya kumkinga. Akaandika, akagonga muhuri.

Siku ya pili akaja, akaambiwa, akaandika jina la pili. Siku hizo Mwajabu alianza kumwekea Kelvini kitumbua pembeni mapema, kikiwa bado cha moto.

Siku ya saba Kelvini akakaa kwenye ndoo yake, akafungua daftari, akaandika tarehe na saa na koki, sasa bila kuambiwa. Akainua kalamu. "Wa saba nani, mama?"

Sikudhani akamgeukia wifi yake. Mwajabu alikuwa ameacha karai motoni, amekuja kusimama nyuma ya bega la Kelvini.

"Huyo mwandike polepole," akasema. "Makame Mlekwa."

Kelvini akaandika jina. Kisha mkono, uliozoea kunakili vitabu vya Serikali, ukaendelea wenyewe: ameha...

"Hakuhama," akasema Mwajabu.

Kalamu ikasimama. Kelvini akakata neno lile kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: amekufa. Akapuliza muhuri, akaugonga kwa nguvu kuliko siku zote, mpaka ndoo ikalia.

Kitumbua kiliungua kwenye karai na hakuna aliyekwenda kukigeuza. Mwajabu alikuwa ameketi chini vumbini, kanga amejifunika kichwani, eda yake ikianza, mwaka wa tisa, saa nne na dakika ishirini.